Mbona Han Xin Mnamkatia Njiani?

Jana kwenye grupu la familia mjomba katutupia tena ile video ya motisha. Han Xin, kijana fukara wa Huaiyin, China ya kale, anazuiwa njiani na muhuni mmoja wa buchani: una ubavu, nichome upanga, huna, pita chini ya miguu yangu. Akainama, akapita, watu wakimcheka. Baadaye akawa jemadari, akawa mfalme. Muziki, makofi, "vumilia ndugu yangu". Imeisha.

Imeisha? Mwaka 196 KK mmeuficha wapi?

Kinachoniuma mimi ni Xiao He, waziri wa Liu Bang, yule mwanzilishi wa dola ya Han. Han Xin alipoona kwa Liu Bang hapandi cheo, alitoroka. Xiao He akamkimbilia bila hata kumuaga bwana wake, akamrudisha, akamng'ang'ania Liu Bang mpaka kijana akapewa ujemadari mkuu. Na kijana hakumwangusha. Pale Jingxing, 204 KK, alipanga askari mto ukiwa mgongoni, hakuna pa kukimbilia. Jeshi la adui, la ufalme wa Zhao, likatoka lote kuwamaliza; huku nyuma wapanda farasi 2,000 wakaingia kambini kwao na kusimika bendera nyekundu za Han. Wazhao kugeuka, wanaona wekundu mtupu. Wakatawanyika. Mwaka 202 KK ikawa zamu ya Xiang Yu mwenyewe, hasimu mkuu wa Liu Bang, kushindwa pale Gaixia.

Vita vikaisha, na Han Xin naye akaanza kuishiwa kazi. Akakamatwa kwa hila, akavuliwa ufalme. Halafu, mwaka 196 KK, Liu Bang akiwa safarini kuzima uasi, mkewe, Malkia Lü, anaambiwa Han Xin anakula njama na waasi; anataka kummaliza ila anahofia akiitwa hatakuja. Nani amwite? Xiao He! Akamwambia: uasi umezimwa, hata kama unaumwa, jikaze uje utoe pongezi. Akaenda. Akakatwa kichwa kwenye chumba cha kengele cha kasri la Changle, na ukoo wake ukafyekwa.

Haya, malaika hakuwa. Alidai ufalme wa Qi wakati bosi wake kabanwa vitani. Lakini hili la kusema alikula njama! Alipokuwa na jeshi mkononi na mshauri wake Kuai Tong akimsihi ajitenge na Liu Bang, alikataa, eti Liu Bang kamvisha nguo zake na kumlisha chakula chake. Aje kuasi akiwa hana kikosi?

Halafu kuna yule mama aliyekuwa akifua mtoni, akamgawia chakula chake siku nyingi, na alipoahidiwa malipo akamfokea: nakuhurumia tu, nani kakudai? Han Xin alipoupata ufalme alimrudia na dhahabu 1,000. Kwenye video hayumo. Iliyomo ni miguu ya muhuni.