Kigoma jua linachelewa, kwa nini ofisi isisogee?

Yaani mpaka leo sielewi kwa nini ofisi za hapa Kigoma lazima zifungue saa moja na nusu kama Dar. Saa tunatumia ile ile, sawa, ila jua huku linachomoza kama dakika 40 baada ya Dar, mwezi wa saba saa moja inapita hata hujaliona. Sasa mama wa watu anatoka Ujiji, kaamka giza totoro, kapika uji, kamuandaa mtoto shule, anafika kazini anasaini daftari halafu anasinzia mezani mpaka saa tatu, na bosi karidhika maana mahudhurio ni mazuri. Mahudhurio ndo kazi?

Kuna sehemu nilifanya kazi, ikifika saa moja na nusu tu mstari mwekundu unapigwa kwenye daftari, ukija dakika tano baadae jina lako linakaa chini ya mstari na wiki nzima unaitwa mchelewaji. Ila aliyewahi akashinda anachati hakuna wa kumuuliza kafanya nini. Hiyo inaumiza sana wachapakazi.

Wavuvi wetu pale Kibirizi mbona wanapanga muda kwa akili, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa vizuri kwahiyo wanapumzika na kushona nyavu, giza likirudi wanakesha ziwani. Kinachohesabiwa ni dagaa walioshushwa asubuhi.

Na sheria haikatazi jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na mkikubaliana kwa maandishi mnaweza kubana wiki, mtu akafanya mpaka masaa 12 kwa siku akapata siku zaidi za kupumzika (hapo mi naona uchovu utakula faida, bora kusogeza tu muda wa kuanza). Mama anayenyonyesha nae ana haki ya mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Najua nesi wa wodini hawezi kujipangia, pale zamu ni zamu. Ila mhasibu, mtu wa masjala, afisa wa mradi, aanze kati ya saa moja na nusu na saa tatu, amalize masaa yake, na kuanzia saa nne mpaka saa nane wote wawepo ili vikao vifanyike. Bosi ajaribu miezi mitatu, ahesabu mafaili yaliyoisha badala ya sahihi.