Saa 24 za kusubiri nini?

Jana mwenzangu wa kazini aliingia ofisini macho mekundu. Mdogo wake hajaonekana tangu juzi jioni. Usiku uleule alikimbilia kituo cha polisi, akajibiwa kwa upole kabisa: "Dada, ngoja kwanza saa 24 zipite. Pengine yuko kwa marafiki zake." Akarudi nyumbani akangoja. Sasa mnisamehe sauti ikipanda, lakini nauliza: alikuwa anangoja nini? Chaji iishe?

Maana kinachoisha ni hicho. Simu ikiwa imewashwa, hata ikilala mfukoni bila kuguswa, haikai kimya. Ikihama eneo inajitambulisha kwa mtandao, na isipohama, kila baada ya muda fulani inajitambulisha tena. Maombi ya polisi yakifika simu ingali hewani, kampuni ya simu inaweza kuiulizia ilipo dakika hiyohiyo, na simu nyingi za siku hizi zinaweza kutoa jibu la GPS lenye kukosea mita chache tu. Ikishazimika, hakuna wa kujibu. Inabaki alama ya mwisho iliyoachwa kwenye mnara, na mwenye simu ana miguu. Mtu anayetembea taratibu anamaliza kilomita 4 kwa saa. Mpe saa sita tu, halafu chukua ramani uchore duara la kumtafutia, uone kama askari wa kituo kizima watalimaliza.

Na hilo ni kama alama yenyewe ingekuwa nukta. Filamu zimetuharibu: jamaa anabonyeza kompyuta mara tatu, kitone chekundu kinawaka juu ya paa la nyumba, mlango unavunjwa. Thubutu! Mnara kwa kawaida hugawa eneo lake pande tatu, kila upande theluthi ya duara. Ukiambiwa "simu ilishikwa na mnara fulani, upande wa mashariki," na upande huo unafika kilomita 5, umepewa kilomita za mraba 26 za kupekua. Mjini minara imebanana, kwa hiyo eneo ni dogo. Porini mnara wa GSM, ule mtandao wa zamani wa 2G, unaweza kuhudumia simu iliyo kilomita 35 mbali. Kwenye mtandao huohuo wa GSM, muda ambao mawimbi yanachukua kufika huweza kupimwa, na kipimo hicho kinalipunguza eneo hadi utepe wenye upana wa mita 550 hivi. Utepe mrefu, ndiyo, lakini ni afadhali kuliko "tunaendelea na uchunguzi".

Mwaka 2006 familia moja ilipotelea kwenye theluji ya milima ya Oregon, Marekani. Baba alikuwa James Kim, mwandishi wa habari za teknolojia. Simu yao haikuwa na mtandao wa kupiga hata mara moja, ila kwa muda mfupi iliugusa mnara wa mbali, zikaingia meseji mbili. Mbili tu! Wahandisi wa kampuni ya simu wakazichimbua kwenye rekodi, wakapiga hesabu ya barabara zipi zingeweza kuonwa na mnara ule, na eneo la msako likabanwa. Mama na watoto wawili walipatikana hai. Baba alikuwa ameshatoka kwa miguu kutafuta msaada, akafa kwa baridi. Kila nikiisoma habari hii nawaza zile siku walizongoja kwenye theluji.

Mwaka uliofuata, huko Kansas, jimbo jingine la Marekani, msichana wa miaka 18 alitekwa. Kampuni ya simu ilichukua siku 4 kutoa taarifa za mnara. Zilipotoka, mwili wake ulipatikana ndani ya saa moja hivi. Haya, najua mtakachosema: pengine asingeokolewa hata kama wangewahi. Sawa. Lakini wazazi wake hawakukubali hoja hiyo, na mwaka 2009 jimbo lile likapitisha sheria inayobeba jina lake, Kelsey Smith, inayoilazimu kampuni ya simu kutoa mahali simu ilipo pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Na hiyo kanuni ya saa 24 mnayoimbiwa kaunta, Marekani kwa watoto ilipigwa marufuku kisheria tangu 1990. Polisi wa Uingereza nao huwaambia wananchi waziwazi: usingoje.

Kuna wanaoogopa polisi kupekua simu za watu ovyo. Mimi pia naogopa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kuwa polisi wanahitaji kibali cha mahakama kuchukua historia ya mienendo ya mtu kutoka kwenye minara, ila mlango wa dharura ukaachwa wazi. Ndivyo inavyofaa. Tena, na hili nalikubali kwa shingo upande, si kila "aliyepotea" anataka kupatikana. Kuna mke aliyekimbia kipigo, na mume anakuja kaunta analia machozi ya mamba. Basi polisi wamtafute, wamwone, halafu wamwambie huyo bwana neno moja: yuko salama. Anwani hapewi.

Minara yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni orodha ya waliowasiliana. Mtu anayempigia mama yake kila usiku saa mbili, na leo hakupiga, tayari umepata saa ya kuanzia. Namba aliyoongea nayo mwisho ina mwenyewe, na mwenyewe ana maswali ya kujibu. Hata laini ikitolewa na kutupwa, simu ina namba zake 15 za IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, ambazo laini mpya haizibadilishi: mwizi akiweka laini yake, anajitangaza mwenyewe.

Hizo namba 15 nazijua vizuri. Miaka miwili iliyopita mjomba wangu, ambaye kumbukumbu ilishaanza kumtoroka, alitoka nyumbani Jumapili asubuhi na hakurudi. Nilikaa kwenye benchi la kituo nimekumbatia boksi la simu yake, lenye ile karatasi ya IMEI ubavuni, kama mtu aliyeleta zawadi. Hakuna aliyeniuliza lile boksi ni la nini. Mimi ndiye niliyemwekea mezani afande wa zamu, naye akalisogeza pembeni apate nafasi ya daftari. Maombi yalikwenda kampuni ya simu Jumatatu mchana. Simu ilikuwa imezimika Jumapili usiku.

Jibu lilikuja na upande mmoja wa mnara mmoja, na vijana wa familia wakaupekua hatua kwa hatua. Jumanne saa tano asubuhi walimkuta amekaa ndani ya nyumba isiyoezekwa, midomo imekauka, viatu amevipanga vizuri mlangoni.

Jioni tukaichaji simu. Ilikuwa kwenye mtetemo. Ilipowaka, kioo kilionyesha simu 57 zisizopokelewa, zote za Jumapili, na 31 kati ya hizo zilikuwa zangu. Sikuacha kupiga mpaka nilipoambiwa haipatikani. Tulipomuuliza mjomba kwa nini hakupokea, alisema kulikuwa na mdudu mfukoni, anatetemekatetemeka siku nzima, na alishukuru Mungu usiku alipotulia.