Okestra Haijipangi Yenyewe

Muziki wa filamu ya Batman ya mwaka 1989 ukisifiwa, sifa zote humwendea Danny Elfman. Anazistahili. Ila Elfman alitoka kwenye bendi ya roki na hakusomea utunzi darasani. Nota zake zilipitia mikononi mwa Steve Bartek, mpiga gitaa mwenzake katika bendi hiyohiyo, ndiye aliyezigawa kwa ala za okestra. Na kule London, aliyeshika kijiti cha kondakta alikuwa Shirley Walker. Wakazuka watu wakisema basi Elfman hakutunga kitu. Hapo siko nao kabisa. Kupanga ala, yaani kazi ya Bartek ya kugawa nota kwa ala za okestra, si kutunga kwa mlango wa nyuma.

Lakini si ukarani pia. Siku hizi mtunzi hukabidhi faili la kompyuta, na balaa huanzia humo. Fluti ya kwenye kompyuta ukiiongezea sauti kwa kidole, inazifunika tromboni tatu. Fluti halisi, hasa kwenye sauti zake za chini, humezwa papo hapo. Mpangaji ala huliona hilo akiwa bado mezani: ataipandisha tuni oktava moja, ataiongezea klarineti, au atazinyamazisha hizo tromboni. Ataangalia pia mpiga tromboni atavuta pumzi wapi, maana kompyuta haina mapafu na haikumfikiria. Mwigizaji akizungumza kwa sauti nzito ya chini, selo hazina budi kumpisha. Yote hayo yawe tayari kabla ya kurekodi, kwa sababu studio inalipiwa kwa saa, na nota moja iliyokosewa huwakalisha bure wanamuziki chumba kizima huku mita ya pesa ikisoma.

Pamoja na hayo, Oscar haina tuzo ya wapangaji ala.

Mimi kijana akiniuliza, nitamwambia aingie kwenye kazi hii, mradi asifuate jina. Shule kama hiyo haipatikani kwingine. Mwaka 1992 Walker alisikika kwa muziki wake mwenyewe katika filamu ya Memoirs of an Invisible Man, na akausimamia muziki wa katuni za Batman za televisheni, ambako alilea watunzi chipukizi. Alifariki mwaka 2006. Sherehe ya Oscar iliyofuata ilipowakumbuka marehemu wa tasnia, hakutajwa. Wenzake walilalamika, na mimi nadhani walikuwa wapole mno.