Mahari ya lita nne

Najua wengi mmeshaipata ile sauti kwenye grupu, bwana harusi mtarajiwa anacheka mpaka anakohoa, eti nimempelekea mahari ya oili ukweni kwake. Sawa. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Sasa na mimi niacheni niseme, maana kuna kipande amekiruka makusudi na hicho kipande ndiyo heshima pekee niliyobakiwa nayo: ugonjwa wa gari niliupatia. Tena niliupatia sawasawa!

Toyota IST yangu mnaijua, kila nikipaki ilikuwa inaacha saini ya oili chini. Fundi wa pale mtaani kainama kidogo tu, kainuka na bei: sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili injini inapokutana na giaboksi, kwa hiyo giaboksi ishuke. Nikamwambia ntarudi, kwa ile sauti ya mtu ambaye harudi. Maana oili inasafiri jamani, inaanzia juu inateremka na chuma, ukitembea upepo unaisukuma nyuma, ikija kudondoka iko mbali kabisa na ilikotokea, sasa mtu kuangalia tone akakushushia giaboksi ni kukuonea. Nikaosha injini, nikaiacha ikauke vizuri, nikachukua poda ya mwanangu nikanyunyiza kote ninakotilia shaka, kuanzia gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mpaka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, nikazunguka mtaa nikarudi nikaingia uvunguni na tochi ya simu. (Mama mtoto alivyokuta kopo jepesi, hiyo ni stori nyingine na siisimulii.) Juu kukavu. Nyuma kukavu. Nati ya sampu kavu. Isipokuwa pale mbele filta ya oili inapofungwa, poda imelowa, mstari mweusi unateremka. Filta! Raba yake imezeeka imekuwa ngumu, basi. Kitu cha kununua na chenji ya sokoni mtu anataka kunishushia giaboksi.

Nikanunua filta mpya na dumu la lita 4. Jeki, stendi, nikamwaga oili ya zamani, nikafungua filta ya zamani, mpya nikaipaka oili kwenye raba kama inavyotakiwa, nikakaza kwa mkono, nikajaza kama lita 3.7 hivi kwa kufuata stiki ya kupimia. Nikawasha, ikanguruma pale pale, nachungulia: hata tone. Nikapiga picha mikono michafu nikaweka status, "Mafundi tafuteni kazi nyingine." Mlioweka vimoto kwenye ile picha nawakumbuka wote, na leo mpo kwenye grupu mnacheka.

Haya, posa sasa. Jamaa akasema gari yako si umetengeneza, utubebee wazee. Nikavaa kanzu nyeupe, mpya, bado ina mistari ya pasi. Mbele mshenga na barua yake kwenye kitambaa pamoja na hela ya kishika uchumba, nyuma shangazi yake bwana harusi na mama mmoja, tukavuka daraja la Kigamboni gari inaenda vizuri mpaka naimba. Bwana harusi mwenyewe hakutakiwa kuwepo, kumbukeni hilo mkimsikia anasimulia kama alikuwa juu ya mti.

Geti la ukweni liko kwenye kimwinuko. Nikakanyaga mafuta kidogo kupandisha, nikasikia kitu chini, pwaa, nikajua jiwe. Nikaingia. Uwanja wote pevingi, nyekundu na kijivu, imepigwa maji, inang'aa, na ina mteremko kidogo kuelekea barazani. Mshenga akashuka na yule mama, salamu, karibuni karibuni, wakavua viatu pale chini ya baraza wakaingia. Makubazi ya mshenga, ya ngozi, ya Zanzibar, nyayo zikiangalia gari.

Shangazi hakushuka. "Mwanangu usizime, acha kiyoyozi nipange mtandio vizuri, siwezi kuingia kwa watu nina jasho."

Sikuzima.

Nikasimama nje, nimeegemea boneti, naitazama pevingi nawaza na mimi siku moja. Ndiyo nikaona pevingi inatembea. Naapa. Weusi fulani unatoka chini ya bampa taratibu, unapita kwenye kigae kimoja, unajaza ufa, unaingia kigae cha pili, hauna haraka, na unawaka rangi ya asali kwa sababu oili ni mpya bwana, nimeinunua mimi, ile nzuri. Akili inaniambia maji ya kiyoyozi hayo. Maji ya kiyoyozi rangi ya asali! Katoto kalikokuwa kanachezea mpira kakasema kwa sauti ya kusomea risala, "Babu, gari ya wageni inakojoa."

Ndani kimya. Mshenga alikuwa ndo ameanza kufungua kitambaa.

Injini ikaanza kugonga, ka ka ka ka, nachungulia dirishani taa ya oili nyekundu imewaka, nikanyoosha mkono kuzima, shangazi akadhani nataka mtandio wake, tukavutana. Nikaipata funguo. Injini kimya, lakini ziwa limeshatoka na linashuka. Nikakimbia kuyaokoa makubazi. Kumbukeni: kanzu, ndala, pevingi, oili. Miguu ilienda Kigamboni, mwili ukabaki Tabata. Nikatua kwa makalio, nikateleza kwa heshima zote mpaka chini ya baraza, nikafika kwenye makubazi sambamba na oili, na baba mkwe wa watu amesimama mlangoni anaangalia chini.

Mimi nikasema nini? Nikasema "Shikamoo."

Akaitikia! "Marahaba. Umeumia?"

Yaliyobaki mnayajua, mchanga wa jirani anayejenga, sabuni ya unga, kanzu imekufa, mshenga kaondoka na ndala za chooni, moja ya bluu moja ya kijani, barua imepokelewa. Akaitwa fundi wa huko, akafungua filta, akapitisha kidole, akatoa raba ya ile filta ya zamani. Ilikuwa imeganda kwenye injini wakati nafungua, na mimi nikafunga mpya juu yake, raba mbili zimekaliana, moja imesukumwa nje na presha nilivyokanyaga pale getini. Kumbe ndiyo maana ikinguruma tu nyumbani ilishika. Akaweka raba moja, oili nyingine, ikawaka, haigongi, namshukuru Mungu nilizima. Na mnaona? Filta! Nilisema filta toka mwanzo, si sili, si giaboksi, nani ananipigia makofi? Hakuna.

Majibu ya barua yamekuja jana. Binti amekubali, mahari imetajwa, na chini kabisa mzee kaongeza kwa mwandiko wake: siku ya kuleta mahari, yule kijana wa kanzu aje na sabuni na brashi, na apande daladala.