Naomba Nieleze Mwenyewe Habari ya Yule Mtoto

Kabla hamjaendelea kunitumia pole na vile vikatuni vyenu vya kucheka mpaka machozi: ndiyo, ni mimi. Yule mwenye koti la kijani anayeonekana mgongo tu kwenye klipu ya shemeji ni mimi. Ila sikuzimia. Shemeji kaandika kwenye kundi la ukoo kwamba nilizimia nikamwagiwa maji. Maji yale yalikuwa ya maporomoko, kila mtu alilowa, hata wenye akili zao timamu.

Wengi mnajua tuko melini, mimi, mama watoto, watoto, shemeji, na mama mkwe aliyekuja Uingereza kututembelea kutoka Tanga. Leo asubuhi tumetia nanga Flåm, kijiji kidogo cha Norwei. Ukichungulia dirishani unakuta milima imekubana huku na huku, kama meli imepotea ikaingia uchochoroni. Kufika hapo tumepita usiku kucha kwenye Sognefjord, mkono wa bahari ulioingia bara zaidi ya kilomita 200, na kina chake mahali fulani kinapita mita 1,300. Mama mkwe alipotajiwa hicho kina aliuliza maboya yamewekwa wapi, akaonyeshwa, akarudi kwenye chai yake. Mshikilieni huyo mama kichwani, maana ndiye mtu mzima pekee katika habari hii.

Kitu kingine cha kushika ni koti. Niliambiwa upande huu wa Norwei mvua haina adabu, kwa hiyo watoto nikawanunulia makoti ya mvua ya njano yenye kofia. Nikamwambia mama watoto kwa majivuno, "Hata umati uwe vipi, hawa hawapotei." Akanitazama tu.

Kutoka gatini hadi treni ni hatua chache. Treni yenyewe, Flåmsbana, inapanda kilomita 20 mpaka Myrdal, mita 867 juu ya bahari, ikipita mahandaki 20. Mama mkwe ni binti wa mtu wa reli, amezaliwa Korogwe karibu na stesheni, kwa hiyo alikaa dirishani kama mkaguzi. Spika zilipotangaza kwamba mahandaki 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono, akatikisa kichwa. "Na baridi yote hii! Maskini watoto wa watu."

Tangazo lililofuata ndilo lililotakiwa kuniokoa. Mimi wakati huo nilikuwa namfuta kamasi kitindamimba.

Treni ikasimama Kjosfossen. Husimama kama dakika tano hivi, watu wanashuka kwenye jukwaa la mbao kupiga picha maporomoko, kisha inaendelea. Sasa hapa twende polepole, maana shemeji aliparukia.

Maporomoko ni makubwa, yananguruma, na manyunyu yake yanakupiga usoni mpaka unafumba jicho moja. Nimemshika kitindamimba mkono. Mama mkwe akaniomba nimpige picha ya kupeleka Tanga. Nikamwachia mtoto mkono ili nishike simu. Sekunde kumi, labda.

Nikasikia mwanamke anaimba.

Si nyuma yangu wala ndani ya treni. Juu, kwenye mawe. Nikainua macho. Pembeni ya maporomoko, mahali ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili, kasimama mwanamke mwenye gauni jekundu, nywele kaziachia, anayumba taratibu na mikono yake inatuita. Watu wote wamenyamaza. Nikajisemea, tulia, labda ni mtalii. Mara akatoweka nyuma ya ukuta wa mawe, na papo hapo, jamani, papo hapo, akatokea mahali pengine kabisa. Gauni lile lile, nywele zile zile.

Mimi nimekulia Pangani. Bibi yangu alitufunza kwamba ukimwona mwanamke peke yake penye maji, nywele wazi, anaimba, usisubiri kumtazama kama ana kwato. Ondoka. Wewe unayecheka hapo kwenye kochi, ungekuwa wewe ungesubiri?

Nikaitafuta Ayatul Kursi, ninayoisoma kila usiku wa maisha yangu. Haikuja. Iliyokuja ni dua ya kuingia chooni. Nikaisoma kwa sauti ya juu, maana maporomoko yalikuwa yananizidi. Nikaona mkono wa njano kando yangu, nikaukamata, nikatimua mbio. Nimepita baina ya watu, nimekanyaga kiatu cha mzee mmoja, nimepanda behewani, nimejitupa kwenye kiti, nimemkumbatia mtoto, nikamfumba macho kwa kiganja asimwone yule kiumbe. Nikaendelea na dua. Bismillahi, Allahumma inni audhu bika… naye mtoto katulia, hata hatikisiki. Nikasema moyoni, mwanangu jasiri huyu.

Kisha sauti ndogo ikatoka chini ya kiganja changu, kwa Kiingereza safi chenye adabu zote, ikisema, "Samahani, wewe si baba yangu."

Nikatoa mkono. Nikashusha kofia ya koti. Nywele za njano. Macho ya buluu. Madoadoa puani. Tukatazamana. Dirishani kulikuwa na mwanamume anakigonga kioo kwa ngumi, na nyuma yake mwanamke ambaye alikuwa anapiga kelele, ila kwa sababu ya maporomoko nilimwona mdomo tu. Mimi, badala ya kumwachia mtoto wa watu, nikanyoosha kidole kule mawe yalipo, kumwonyesha baba mtu sababu. Wakati huo muziki umekwisha na kule juu hakuna mtu. Kwa hiyo nilikuwa nimemkumbatia mtoto asiye wangu huku nikionyesha jiwe.

Mama mkwe akaingia behewani kamshika kitindamimba wangu, mkavu kabisa, anatafuna biskuti. Akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi.

"Mwanangu, huyu umempata wapi?"

Kitindamimba akasema, "Baba, yule dada ametupungia mkono!"

Yaliyofuata ni ya haraka: kondakta, maelezo, samahani nyingi, mama watoto kujifanya hatujuani. Kondakta akanieleza kwamba ni wacheza dansi, ni zaidi ya mmoja, ndiyo maana anaonekana kuruka huku na huku, na kila msimu wa kiangazi hutumbuiza hapo. Wanaigiza huldra, mwanamke wa milimani katika hadithi za kale za Wanorwei, mzuri kupindukia, anayewavuta wanaume wapotelee mlimani, na nyuma ana mkia wa ng'ombe.

Mkia wa ng'ombe! Sasa mnaona? Bibi yangu alikosea kiungo tu.

Tuliporudi Flåm niliinunulia ile familia vitumbua vyao vya kuchomwa kwenye chuma, vafler wanaviita, vyenye jibini ya kahawia, tamu kiasi cha kukukera. Bei yake msiniulize. Baba mtu akanipa mkono, ingawa alikuwa wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa umemkamata mwanawe barabara. Mama mkwe hajanisema neno, isipokuwa mara moja tukiwa tunapanda meli: "Dua yenyewe si mbaya. Ni ya kujikinga na mashetani, wa kiume na wa kike. Ila sauti ungepunguza."

Kumbe wako meli moja na sisi. Jioni hii kwenye chakula wamekaa meza ya pili kutoka yetu. Nimeinua kijiko cha supu, nikamwona yule mtoto ananitazama. Akajifumba macho kwa viganja vyote viwili, akaanza kunong'ona dua.