Hosea alilipia mke wake mwenyewe

Nimesoma makala kuhusu ndoa katika Biblia. Mwandishi ameeleza vizuri kwamba ndoa ni picha ya Mungu na watu wake, lakini amebaki kwenye Waefeso 5 tu, na hapo akasisitiza utii wa mke. Jamani, mstari wa 25 unamwambia mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Hilo ndilo zito.

Mimi picha hii niliielewa kwa Hosea, nabii wa Agano la Kale. Mkewe alimwacha, akawafuata wapenzi wengine. Kwetu hapo wazee wangekaa kudai mahari irudishwe. Hosea yeye akatoa tena: vipande 15 vya fedha, na shayiri homeri moja na nusu, kipimo cha kale cha nafaka (Hosea 3:2). Analipia mke aliyekuwa wake tayari! Na Mungu anasema hivyo ndivyo anavyowapenda Israeli, ingawa wanageukia miungu mingine.

Nilikaa miaka kadhaa bila kusali, nikiamini Mungu ameshaniandikia talaka. Siku niliyosoma sura hiyo nililia sana. Niliporudi kanisani nilikaa benchi la nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza sikuogopa.