Tyubu Tatu, Mguu Mmoja

Mwezi uliopita shangazi yangu aliuziwa dawa inayomuunguza mguu, na hiyo ilikuwa mara ya tatu katika muda usiozidi wiki sita. Kosa la kwanza lilikuwa la waya wa banda la kuku, uliomkwaruza juu kidogo ya kifundo. Yaliyofuata yote yalitendeka kwenye kaunta ya duka la dawa.

Tyubu ya kwanza ilikuwa ya antibiotiki. Alipaka asubuhi na jioni, kidonda kikaanza kukauka, na baada ya siku kumi hivi ngozi iliyokizunguka ikawa nyekundu, ikawasha na kutoa vipele vyenye maji. Aliyeutazama mguu ule vizuri angeona kwamba wekundu uliishia palepale alipokuwa akiishia kupaka. Muuzaji hakuutazama. Alisikia neno “kuwasha”, akasema ni fangasi, akampa ile tyubu ya tatu-kwa-moja tunayoifahamu sote: steroidi ya kutuliza mwasho, dawa ya fangasi na antibiotiki, ili ugonjwa wowote ule ukutwe na kitu chake. Jioni nililisoma boksi barazani kwa tochi ya simu, herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikakuta antibiotiki yenyewe ni neomisini, ileile ya tyubu ya kwanza.

Hapa ndipo hasira zangu zilipo, na ninaomba nivumiliwe nizimalize. Mzio wa namna hii, yaani mwili kuikataa dawa iliyopakwa, hauji papo hapo. Kinga ya mwili huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kuitambua dawa kuwa adui, na ikishaitambua, kila inapopakwa tena ngozi huchachamaa baada ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo mtu aliyepaka Jumanne akawashwa Alhamisi atalaumu dagaa, atalaumu sabuni, atamlaumu hata jirani, lakini dawa hataigusa, kwa sababu dawa ndiyo inayomtibu. Sasa chukua kitu kinachouamsha mzio na steroidi inayoutuliza, uvitie ndani ya tyubu moja: mgonjwa akipaka anapata nafuu, akiacha mguu unawaka upya, naye anarudi dukani kuisifu dawa na kuomba nyingine. Mteja mwaminifu kuliko huyo hupatikana wapi?

Tyubu ya tatu ilikuwa na jentamisini, ndugu wa damu wa neomisini, na mwili uliomkataa mmoja mara nyingi humkataa na mwenzake. “Hii ni kali zaidi, mama,” alisema muuzaji, na katika hilo hakukosea.

Wala si kwamba jambo hili ni siri. Neomisini iligunduliwa mwaka 1949, na mwaka 2010 chama cha Marekani cha wataalamu wa mizio ya ngozi kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, heshima ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye boksi lolote. Wakati huohuo tunakagua makopo ya losheni tukiwinda parabeni, vile vihifadhi vya vipodozi, ambazo chama hichohicho kiliziondolea lawama mwaka 2019. Lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, manukato na hata steroidi zenyewe nazo zina watu zinaowadhuru.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba muuzaji si daktari, kwamba wengi hupaka dawa hizi wasidhurike, na kwamba daktari wa ngozi kwa wengi wetu yuko safari ya basi na nauli ya kukopa. Kipimo chenyewe cha mzio huu, alichokieleza daktari wa ngozi Josef Jadassohn mwaka 1895, hakidai mashine: viraka vyenye vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni siku mbili, ngozi husomwa vikibanduliwa, na husomwa tena siku kadhaa baadaye, kwani neomisini huweza kuchelewa hata wiki. Lakini sihitaji kipimo ili kudai kwamba jina la kila antibiotiki iliyomo liandikwe mbele ya boksi, kwa Kiswahili, kwa ukubwa uleule wa jina la kampuni. Wala mkwaruzo mdogo hauhitaji antibiotiki; sabuni, maji safi na vaselini vingetosha.

Daktari tuliyempata hatimaye alimsimamishia zote tatu, akampa steroidi isiyochanganywa na kitu kwa siku chache, na mguu ukatulia. Nikamwandikia shangazi majina matatu kwa herufi kubwa nyuma ya daftari lake la kliniki: neomisini, jentamisini, na ndugu yao mwingine, framisetini. Jumamosi akanipigia simu.

“Mwanangu, na matone ya macho niliyopewa leo, nayo yanahesabiwa?”

Nikamwomba asome boksi. Akavaa miwani, akasoma herufi moja moja kwa sauti, na alipofika kwenye n, e, o, akanyamaza.